Jinsi ya kuandikiana barua na mtu aliye gerezani

Mdogo wangu alitumikia kifungo cha miaka minne, na kwa miaka hiyo yote tuliandikiana. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Nililijua neno hilo tangu utotoni, lakini sikulielewa mpaka nilipokaa mezani kumwandikia mtu ambaye nisingeweza kumwona. Mengi ya yaliyomo humu niliyajua kwa kukosea, nami nayaandika ili wewe usianzie pale nilipoanzia.

Kabla hujashika kalamu, jua kwamba barua iingiayo gerezani haisomwi kama barua nyingine. Wewe ukipata ujumbe unausoma mara moja na kuendelea na shughuli zako. Yeye ataisoma leo, ataisoma kesho, ataisoma tena taa zikikaribia kuzimwa. Likiwemo neno asilolielewa, hana pa kukuuliza mpaka jibu lake likufikie na lako limrudie, na hapo zimepita wiki tatu, pengine miezi miwili. Karibu kila ninachokuambia hapa chini kinatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: pata anwani kamili na namba yake

Jina peke yake halitoshi. Gereza moja linaweza kuwa na watu watatu wenye jina lile lile, na wanaogawa barua humtafuta mtu kwa namba. Andika jina lake kama lilivyo kwenye kumbukumbu za gereza, hata kama nyumbani mnamwita kwa jina jingine. Fuatisha namba ya mfungwa, sehemu anayolala kama unaijua, kisha jina la gereza na anwani yake ya posta. Namba utaipata kwake mwenyewe, kwa wakili wake, kwa ndugu aliyekwisha kumtembelea, au kwa kupiga simu gerezani.

Hakikisha pia kwamba anwani ya barua ndiyo hiyo. Katika majimbo kadhaa ya Marekani barua za kawaida haziendi gerezani moja kwa moja. Hupelekwa kwanza kwa kampuni inayoziskani, na mfungwa hupewa nakala au huisoma kwenye kishikwambi. Pennsylvania ilianza utaratibu huo mwaka 2018. Penye utaratibu kama huo karatasi uliyoishika wewe hataishika yeye, kwa hiyo usitume picha ambayo huna nyingine.

Kama amekamatwa karibuni na hamjui aliko, msikae kimya. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwezi Desemba 2015 kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela. Kanuni ya 68 inasema kila mfungwa ana haki ya kuiarifu familia yake mara moja kwamba amefungwa, kwamba amehamishwa, au kwamba ameugua au kuumia vibaya. Kanuni ya 58 inasema wafungwa waruhusiwe kuwasiliana na ndugu na marafiki mara kwa mara, kwa barua pia, chini ya uangalizi unaohitajika. Kila nchi ina sheria zake, lakini ukimwandikia mkuu wa gereza kwa heshima na kuzitaja kanuni hizo kwa namba, ombi lako linakuwa na mahali pa kusimama.

Hatua ya pili: uliza masharti kabla hujafunga bahasha

Masharti hutofautiana kati ya gereza na gereza, na hubadilika bila watu wa nje kuarifiwa. Piga simu, au mwulize yeye kwenye barua ya kwanza: kurasa ngapi, picha ngapi, barua ngapi kwa mwezi, kadi zinaruhusiwa au la, na kama unaweza kumtilia bahasha yenye stempu ya kujibu.

Ukiwa hujapata jibu, fuata njia salama. Karatasi nyeupe, kalamu ya wino wa bluu au mweusi, bahasha nyeupe ya kawaida. Usibane kwa pini wala klipu. Usibandike stika, usinyunyize manukato, usiache alama ya midomo yenye rangi. Najua hilo la mwisho linaumiza, hasa kwa mke au mchumba, lakini karatasi yenye doa au harufu hushukiwa kulowekwa dawa za kulevya, na barua nzima hukataliwa kwa ajili ya busu moja. Kadi nene zenye tabaka mbili na zile zinazoimba ziache. Pesa usizitie kwenye bahasha kamwe. Kila gereza lina utaratibu wake wa kupokea fedha za wafungwa, na noti iliyofichwa kwenye barua inaweza kumtia yeye matatani.

Andika jina lako kamili na anwani yako ya kurudishia, nje ya bahasha na ndani ya barua vilevile, kwa sababu bahasha mara nyingi hubaki ofisini.

Hatua ya tatu: barua ya kwanza iwe fupi

Watu wengi hukwama hapa. Wanataka barua ya kwanza ibebe yote: mapenzi, hasira, maswali, lawama, sala. Ukurasa mmoja unatosha. Mwambie kwamba umepata anwani yake, kwamba unamfikiria, na kwamba utamwandikia kila baada ya muda fulani. Mpe habari mbili tatu za nyumbani, kisha mwulize anahitaji nini na kanuni za barua huko zikoje.

Huo muda fulani upime vizuri kabla ya kuutaja. Nimeona watu wakianza na barua tatu kwa wiki, kisha baada ya miezi miwili wakanyamaza kabisa. Kwa aliye ndani kimya hicho ni kibaya kuliko kama asingeandikiwa. Atahesabu siku, atajiuliza amekosea nini. Kama uwezo wako ni barua moja kwa mwezi, ahidi moja kwa mwezi na uitunze ahadi hiyo. Mimi niliahidi mbili.

Hatua ya nne: mwandikie mambo ya siku yako

“Nitaandika nini? Mimi kwangu hakuna jipya.” Swali hilo nimelisikia kwa karibu kila mtu aliyewahi kuniomba ushauri. Na wengine huona haya. Nitamwambiaje nimekwenda harusini ilhali yeye amefungiwa?

Mwambie. Mtu aliyefungwa hanyimwi uhuru wa kutembea tu. Ananyimwa pia mambo madogo yanayomfanya ajione ni wa nyumba fulani, na barua ndiyo njia ya kumrudishia. Usimwandikie “sote wazima, maisha yanaendelea.” Mwandikie kwamba mtoto wa jirani ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi kila anaposema “sasa”. Mwandikie kwamba paa lilivuja pale pale lilipovuja miaka ile, na mama akaweka ndoo ile ile. Chukua jambo moja na ulisimulie lote, lilivyoanza, nani alisema nini, likaishaje. Ukurasa mmoja juu ya safari moja ya sokoni humfaa kuliko kurasa nne za salamu.

Kuhusu furaha, iandike bila kuificha na bila kuikuza. Mdogo wangu aliniambia kwamba barua zilizomuumiza hazikuwa zile za sherehe. Zilimuumiza zile alizohisi zimechujwa, kana kwamba amekuwa mgonjwa asiyeambiwa kitu.

Ukiwa na barua yake, iweke mbele yako unapojibu na uanze na aliyoyauliza, moja baada ya moja. Hapo atajua kwamba ulimsoma. Kisha mwulize maswali yanayojibika. “Habari za huko?” ni swali gumu kwa mtu ambaye siku zake zinafanana, tena asiyeweza kuandika kila anachokiona kwa kuwa barua hukaguliwa. Mwulize anasoma kitabu gani. Mwulize kuhusu zamani: ule mti tulioupanda tukaanguka sote wawili ulikuwa upande gani wa nyumba? Na mwombe ushauri, tena ushauri wa kweli unaouhitaji. Mdogo wangu alikuwa fundi. Pampu ya maji ilipoharibika nilimchorea ilivyo na kumweleza mlio wake, naye akanijibu kurasa tatu. Pampu ilikuwa imeshatengenezwa barua yake ilipofika, nami nilimwambia hivyo, lakini nilimweleza pia kwamba tatizo lilikuwa lile alilolitaja. Tangu siku hiyo barua zake zilibadilika. Alianza kuuliza hali ya vitu vyote vya nyumba, kama mtu aliyerudishiwa kazi yake.

Mnaweza pia kusoma kitabu kimoja kwa pamoja, yeye huko na wewe huku, au kusimulia hadithi kwa zamu, kila barua ikiendeleza ilipokomea. Ukitaka kucheza chesi au mchezo wowote wa herufi na namba, uliza kwanza, maana mkaguzi asiyeujua mchezo anaweza kudhani ni maneno ya siri.

Tena, huenda yeye si msomaji mzuri. Wako wafungwa wengi wanaosomewa barua zao na wenzao. Kama hujui kiwango chake, andika herufi kubwa zenye nafasi na sentensi fupi, na usiweke siri ambayo usingependa isomwe kwa sauti chumbani.

Hatua ya tano: itafute sentensi itakayomkosesha usingizi, uitoe

Hapa nilikosea vibaya. Mwaka wa kwanza nilimaliza barua moja hivi: “Kuna jambo kubwa nataka kukuambia, lakini si kwa barua, tutaongea nikija.” Nilikuwa nimechumbiwa, na nilitaka kumwona uso wake akiisikia habari hiyo. Nilichelewa kwenda, ruhusa ya kumtembelea ikasogezwa mbele, zikapita wiki tano. Kwa wiki tano mdogo wangu aliamini kwamba mama amefariki na kwamba nimeshindwa kuandika. Alipunguza kula. Nilipomwambia habari ya uchumba hakucheka. Alilia kwanza, kisha akaniuliza, “Dada, mama yuko wapi sasa hivi? Anafanya nini?”

Kwa hiyo barua ikiisha isome upya kama vile wewe ndiye uliyefungwa. Kila mahali panapoacha swali, pajibu papo hapo. “Mama si mzima sana” ni sentensi mbaya. Sema ana kikohozi, amepimwa, amepewa dawa, anakula. “Kuna mambo yametokea” usiandike kabisa.

Na ukiwa na hasira, andika yote, kisha ilaze barua hiyo kwenye droo hadi kesho. Una haki ya kumwambia kwamba alichofanya kimewaumiza, na barua zisizogusa hilo kamwe hugeuka za uongo. Ila mwambie kwa maneno ambayo uko tayari ayasome mara hamsini.

Habari za msiba zina njia yake. Usiziache zimfikie kwenye bahasha akiwa peke yake kama ipo njia nyingine. Piga simu gerezani, umwombe ofisa wa ustawi, mchungaji au imamu anayehudumu pale amwambie ana kwa ana, kisha wewe uandike siku hiyo hiyo: ilitokeaje, nani alikuwepo, alizikwa wapi, nani walihudhuria. Nelson Mandela alipoteza mama yake mwaka 1968 na mwanawe Thembi mwaka 1969 akiwa kifungoni Robben Island. Habari za kifo cha mwanawe alipewa kwa telegramu, na hakuruhusiwa kwenda kuzika hata mara moja. Asiyefika mazikoni anahitaji kusimuliwa mazishi, hata kama wewe unaona unamtonesha kidonda.

Hatua ya sita: yajue yasiyoandikwa

Chukulia kwamba barua yako itasomwa na mtu mwingine kabla yake, na ya kwake kabla yako. Kwa hiyo usiijadili kesi, hasa akiwa mahabusu au akisubiri rufaa. Usiandike alichofanya au asichofanya, wala shahidi gani alisema nini, kwa sababu barua inaweza kufika mahakamani. Mambo hayo ni ya wakili. Barua kati ya mfungwa na wakili zina ulinzi wake, na Kanuni ya 61 ya zile nilizozitaja inataka mawasiliano hayo yawe ya siri kamili. Usijaribu kupitisha maneno yako kwa mlango huo.

Usiwataje kwa majina wafungwa wengine wala askari, hata kwa kuwasifu. Usitumie mafumbo. Usimshurutishe akueleze “ukweli wa huko ndani”. Akiandika sana juu ya mvua na kidogo juu yake mwenyewe, mwache na mvua yake, nawe mwandikie juu ya mvua.

Hatua ya saba: tia tarehe, tia namba, weka nakala

Barua hupishana njiani. Unajibu swali la Machi wakati yeye ameshauliza la Mei, na mambo yanachanganyika. Tia tarehe juu ya kila barua na namba pembeni: 1, 2, 3. Mwombe naye afanye hivyo. Kila anapokuandikia ataje ya mwisho aliyoipata: “nimepokea mpaka namba 16.” Basi mtajua ipi imepotea bila kulaumiana.

Nakala nazo usizidharau. Piga picha kwa simu kabla ya kufunga bahasha. Mandela alipofikishwa Robben Island mwaka 1964 aliruhusiwa kuandika barua moja na kupokea moja kila baada ya miezi sita, isiyozidi maneno 500, na wakaguzi walizikata sehemu wasizozipenda. Naye alikuwa akinakili barua zake kwenye daftari kabla ya kuzikabidhi. Daftari mbili kati ya hizo zilichukuliwa chumbani mwake, zikamrudia mwaka 2004.

Akikaa kimya

Kimya kina sababu nyingi, na nyingi hazihusiani nawe. Huenda hana stempu. Huenda amehamishwa na barua zako zimebaki nyuma. Mimi nilimwandikia mdogo wangu mwezi mzima kwenye gereza ambalo hakuwemo tena. Huenda ameadhibiwa. Kanuni ya 43 inasema adhabu isiwe kumkataza mtu kuwasiliana na familia yake, ila mawasiliano hayo yanaweza kubanwa kwa muda mfupi. Au amechoka tu, na hana la kusema.

Wewe endelea na ratiba yako. Andika fupi, bila kudai: “Sijapata barua yako tangu namba 9. Kama hujisikii kuandika si neno, mimi nitaandika.” Zikipita wiki sita hivi, piga simu kuuliza kama bado yuko pale.

Kama gereza liko penye vita au posta haifanyi kazi, ulizia Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu. Hupeleka ujumbe mfupi wazi, wenye habari za kifamilia tu, kwa watu waliotenganishwa na vita au kizuizini. Kwa waliotekwa vitani upo hata mkataba: Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 unataka mateka waruhusiwe kutuma angalau barua mbili na kadi nne kila mwezi.

Kama ni mtu usiyemjua

Wapo wanaojitolea kumwandikia mfungwa asiye na ndugu. Ni kazi njema. Tumia sanduku la posta badala ya anwani ya nyumbani. Usimwulize kosa lake katika barua ya kwanza. Kama ni lazima ulijue, tafuta mwenyewe kabla ya kuanza, ili ukianza uwe umeshaamua. Sema mapema kama hutaki mapenzi na kama hutatuma pesa, na usitumie maneno matamu usiyoyamaanisha. Mtu mpweke huyaamini.

Watoto wakiandika

Mwambie mtoto ukweli kwa lugha ya umri wake, kwa kuwa barua yenye namba ya mfungwa itamweleza siku moja bila wewe kuwepo. Usimsomee cha kuandika. Mstari mmoja wa kwake, hata wenye makosa, ni wake. Mchoro wa penseli hupita kwa urahisi kuliko wa kalamu za nta au gundi. Ule wenye rangi utolee fotokopi uitume hiyo. Na umwombe mzazi aliye ndani amwandikie mtoto barua yake mwenyewe, yenye jina la mtoto mwanzoni, badala ya “wasalimie watoto” mwishoni mwa barua yako.

Zikibaki wiki chache atoke

Barua za mwisho ziwe za mipango: nani atampokea getini, saa ngapi, ataongozana na nani, atalala chumba kipi, namba ya simu aikariri kama hayupo mtu pale. Mwambie kilichobadilika nyumbani ili asishtuke. Mwulize pia barua zake atazitoaje, maana magereza mengine yana utaratibu wa mizigo na usipojulikana mapema huachwa.

Mdogo wangu alitoka nazo ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimemwandikia 94. Jioni ile tulizimwaga sakafuni tukazipanga kwa namba, naye mama akituangalia kutoka kitini. Namba 17, 18 na 52 hazikuwemo. Nilifungua simu, nikatafuta picha zake, nikamsomea.